Unga wa kufinyanga na gari la chupa

Dada, kwa hao wawili wako wa miaka 3 na 5 wanaoshinda ndani kwa mvua wakililia simu, anza na unga wa kufinyanga. Changanya unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1 na mafuta ya kupikia vijiko 2. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, karibu kikombe kizima, huku ukikanda kama wa chapati mpaka usinate mikononi. Donge moja litie binzari ya manjano, jingine rangi ya chakula. Wape uma, kikombe cha plastiki na chupa ya kusukumia, kisha waache. Tafadhali usiwaoneshe umbo "sahihi", raha yote iko katika kubuni kwao. Ukiufunika vizuri kwenye kopo unakaa siku kadhaa. Ila chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mtoto kula, kwa hiyo huyo mdogo kaa naye karibu.

Mkubwa atapenda gari: chupa ya maji, vizibo 4 vya kuwa magurudumu, na vijiti 2 vya mishikaki vya kupitisha kwenye chupa na kushika vizibo. Kutoboa kwa msumari wa moto ni kazi yako. Matundu ya chupa yawe mapana kidogo ili kijiti kizunguke, ya vizibo yabane, la sivyo gari litaburuzika tu. Ncha kali zikate, na vizibo visiachwe mdogo anapochezea, maana vinakaba.