Kwa nini mota ndogo kabisa huzungukia mrija wa kaboni?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba wanasayansi wameunda mota inayozunguka juu ya mrija-nano wa kaboni, yaani mrija mwembamba mno ulioundwa kwa atomi za kaboni. Kwa nini hawakuipunguza tu mota ya kawaida mpaka ikafikia udogo huo?

JIBU: Mota ya kawaida haipunguziki kiasi hicho, na kizuizi kikubwa ni msuguano. Kitu kikipunguzwa mara 1,000 kwa urefu, upana na kimo, ujazo wake hupungua mara bilioni moja, ilhali eneo la uso wake hupungua mara milioni moja tu; kwa hiyo nguvu za nyuso kunatana huushinda uzito wa sehemu zinazozunguka, na ekseli hukwama ndani ya beringi. Grisi nayo haifai, kwani katika udogo huo huwa kama gundi.

Mrija-nano wenye kuta nyingi ni beringi iliyo tayari. Kuta zake zimeingiana, kila moja ikiwa ndani ya nyingine, kwa nafasi ya takriban nanomita 0.34 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Atomi za ukuta mmoja zimefungamana kwa nguvu kubwa, lakini baina ya ukuta na ukuta kuna mvuto hafifu tu; tena mpangilio wa atomi zao kwa kawaida haulingani, hivyo hazina mahali pa kunasana. Mwaka 2000, wanasayansi John Cumings na Alex Zettl wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba kuta za ndani huteleza nje na kurudi kwa msuguano mdogo mno.

Mwaka 2003 kundi la Zettl lililaza mrija kama huo juu ya silikoni, likazishikiza ncha zake, na kubandika kibamba cha dhahabu katikati. Elektrodi tatu (vipande vya metali vinavyotiwa umeme) zilizokizunguka hukivuta kwa zamu kwa nguvu ya umeme tuli. Mwanzoni ukuta wa nje ulijipinda kama springi na kukirudisha kibamba nyuma, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi na ubunifu wao: waliongeza volti mpaka ukuta huo ukakatika, kibamba kikabaki kikizunguka huru juu ya kuta za ndani. Mota nzima ilikuwa na upana wa nanomita 500 hivi.

Ugumu uliobaki ni wa uundaji. Mirija ile ilitawanywa bila mpangilio, kisha kila mmoja ukatafutwa kwa hadubini kabla ya kujengewa elektrodi zake.