Kuiepuka "Una-" ya Kila Sentensi Katika Hadithi ya Nafsi ya Pili

Msimulizi wa nafsi ya tatu anaweza kumtaja mhusika wake kwa jina, kwa cheo au kwa sifa, ilhali mhusika wa nafsi ya pili hana ila kiambishi u-, nacho hukaa mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Ndiyo maana rasimu nyingi za aina hii husomeka hivi: "Unaamka. Unafungua dirisha. Unaona gari jeupe. Unarudi kitandani." Kufuta neno "wewe" hakusaidii, kwa kuwa kinacholichosha sikio ni hiyo una- yenyewe.

Njia ninayoitegemea zaidi ni kumtoa mhusika kwenye nafasi ya mtenda. Ninapopitia rasimu, hupigia mstari kila sentensi inayoanza kwa u-, na zikifuatana tatu hujiuliza ni kitu gani kingine kinachotenda mahali hapo. "Unasikia baridi" hugeuka "Baridi inakupenya", na "Unaona gari jeupe" hugeuka "Gari jeupe limeegeshwa chini ya dirisha", ambapo hata -ku- haihitajiki, maana msomaji anajua macho yanayotazama ni ya nani. Hata hivyo, ukiizidisha mbinu hii utapata mhusika wa kutendewa tu, asiyeamua lolote; kwa hiyo u- huiwekea yale matendo yenye uzito, kama vile kusema uongo au kufungua barua isiyo yake.

Mahali pia paweza kutangulia: "Mlangoni pamesimama mwanamume mwenye mwavuli." Sentensi ya namna hii hufaa sana kufungulia aya.

Wengine hukimbilia "unapofungua" na "ukifungua" wakidhani wamebadilisha mwanzo, kumbe u- iko palepale. Afadhali "kabla ya kufungua" au "baada ya kufungua", kwa sababu kitenzi-jina hakibebi nafsi. Kwa sababu hiyohiyo "Unafunga dirisha na kurudi kitandani" hupunguza kiambishi kimoja bila kupoteza tendo lolote.

Ukanushi nao huleta sauti mpya, lakini una mtego wake. "Hufiki" haiwezi kuchanganywa na "hufika" ya mazoea, kwa kuwa irabu ya mwisho hutofautiana, ila vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki: "Hurudi nyumbani" yaweza kukanusha kwamba wewe unarudi sasa, au kumaanisha kwamba mtu fulani ana desturi ya kurudi. Katika nafasi kama hiyo mimi huandika "Nyumbani hutarudi" au "Hujarudi nyumbani", kadiri wakati wa tukio unavyoruhusu.

Marudio ya makusudi ni jambo jingine. Mhusika anayefanya kazi ileile mbele ya mashine kutwa nzima anaweza kupewa una- sita mfululizo, mradi sentensi zinazozitangulia ziwe zimeanza kwa namna nyingine, la sivyo msomaji hatatambua kwamba umekusudia.