Inchi 52 za Karagwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama umbo la mwanamke linalosifiwa leo ndilo walilolisifu bibi zetu. Silo, na hata bibi zetu wenyewe hawakuwa na jibu moja. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Mwanza, mzaliwa wa Kagera, na mkoa huo peke yake umenionyesha jinsi sifa hizi zinavyogeuka.

Mpelelezi Mwingereza, Speke, alifika Karagwe, ambayo leo iko ndani ya Kagera, Novemba 1861, kwenye makao ya mfalme Rumanyika. Alikuta wanawake wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa tangu usichana mpaka wananenepa kiasi cha kushindwa kusimama. Mmoja wao, shemeji yake mfalme, alikubali kupimwa kwa sharti kwamba mgeni naye aonyeshe miguu na mikono yake. Kifua chake, kwa hesabu za Speke, kilikuwa inchi 52, mkono inchi 23, paja inchi 31. Nina wateja wa inchi 52, na wengi huingia dukani wakiomba radhi: "Fundi nisamehe, mwili umenizidi." Mama yule wa Karagwe alikuwa na nani wa kumwomba radhi? Mwili wake ulitangaza ng'ombe wa mumewe. Waliolima na kubeba kuni hawakuwa na umbo hilo, na hakuna aliyekuja kuwapima.

Lakini sisemi kwamba zamani kulikuwa kwema. Speke huyo huyo aliandika kuhusu binti wa miaka 16 aliyekuwa akinywa maziwa huku baba yake ameketi na fimbo mkononi ili asiache. Wanaodai kuwa zamani mwanamke wa Kiafrika aliachiwa mwili wake waikumbuke fimbo hiyo.

Ukaja mwaka 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Kwetu ugonjwa huo uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda, na Waganda waliuita slim kwa jinsi ulivyokondesha watu. Mama yangu naye alikuwa fundi. Niliona wanawake wakileta gauni lipunguzwe inchi mbili ubavuni, na baada ya muda gauni lile lile linarudi lipunguzwe tena. Mama hakuwauliza kitu. Wengine hawakutaka lipunguzwe. Walivaa magagulo mawili ndani na kanga juu yake, ili nguo ijae na watu wasiseme. Hata aliyekonda kwa kazi na mawazo tu, akirudi nyumbani alikuwa ameshasemwa kabla mizigo yake haijashuka melini.

Sasa angalieni mwaka 1994. Mashindano ya Miss Tanzania, yaliyopigwa marufuku miaka ya 60, yalirudi, na waliong'ara jukwaani walikuwa wasichana warefu wembamba, kwa sababu mshindi alitakiwa akashindane na wa dunia nzima huko Miss World. Ilikuwa nchi moja: binti wa Muleba, kule Kagera, akikonda anaombewa, wa Dar es Salaam akikonda anapigiwa makofi. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, hofu ilipungua polepole, na ndipo wateja wetu wa Kagera walipoanza kutamka hadharani kwamba wanataka kupungua.

Leo umbo linalosifiwa ni namba nane. Binti anakuja na picha ya mshono kwenye simu, kiuno kimeingia, hipsi zimejaa, kitenge hakina hata kunyanzi moja, naye anataka gauni litoke hivyo hivyo. Nikimpima nakuta kiuno inchi 30, hipsi 37. Ananiomba nishonee sponji kwenye bitana, nami nashona. Sponji huvuliwa jioni. Kinachoniuma ni mchina, vile vidonge vya kuongeza makalio ambavyo hata jina la kiwanda havina, na sindano zinazochomwa mafichoni. Baadhi ya dawa za kunenepesha zina saiproheptadini, ambayo ni dawa ya aleji inayoleta njaa na usingizi. Nyingine zina steroidi, zinazopandisha sukari na presha. Silikoni inayochomwa kwa sindano hizo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuziba mapafu na kuua. Mteja wangu mmoja alikuwa akisinzia kwenye benchi nikimpima mdogo wake. Mama yao alidhani ana mimba, kumbe ni vidonge.

Maziwa ya Karagwe yalitoka kwenye zizi la nyumbani, na waliomlisha binti walimfahamu. Huyu wa leo analipa mwenyewe, kwa siri, na muuzaji hajui hata sura yake. Tena mtindo wenyewe haukai. Marekani waliidhinisha dawa ya semaglutidi kwa ajili ya kupunguza uzito mwaka 2021, na sasa baadhi ya watu maarufu wanaoigwa na mabinti zetu wameanza kukonda tena. Aliyechomwa silikoni mwaka jana ataitoaje?

Ombi langu kwenu liko kwenye ukurasa wa mishono, ambako kila wiki naona umbo lile lile. Chukueni mshono mmoja, muwavishe wanawake watatu wenye hipsi 36, 44 na 52, kisha muandike vipimo vyao na yadi za kitambaa zilizotumika. Nguo ya hipsi 52 haikatwi kwa kupanua tu ile ya 36. Tumbo, mapaja na mgongo vyote vinataka nafasi yake. Mafundi wengi wachanga hawajafundishwa hilo, na nguo ikikataa kukaa vizuri humwambia mteja akapunguze mwili. Nitazishona zote tatu, na kitenge nitanunua mwenyewe.