Muulize Bi Shemsa: Usiulize kama ni halali, uliza kama kuna nguruwe

Bi Shemsa, shikamoo. Nauza nguo Darajani. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou, Uchina, kwa mara ya kwanza kufuata mzigo, na wakati wa kurudi nitakaa Istanbul siku nne. Shoga yangu aliyetangulia mwaka jana aliishi kwa biskuti na tende siku kumi nzima, kisa kuogopa nguruwe. Alirudi kakonda hadi mumewe akashituka. Mimi nitakula nini?
Mama Nasra, Mlandege

Marahaba, mwanangu. Shoga yako kajitesa bure. Mimi nimepika miaka 22 katika hoteli moja ya Shangani, na nilipostaafu dada yangu, naye mfanyabiashara kama wewe, alinichukua Guangzhou mara mbili na Istanbul mara moja nimsaidie kuhesabu mabunda. Biskuti sikuzigusa.

Nisijifanye hodari lakini. Usiku wa kwanza tuliingia mkahawa wa jirani na tulipofikia, kwa kuwa kwenye kioo walitundikwa bata wekundu, wanang'aa kwa mafuta. Dada akasema, "Bata si tunamla?" Nikamwambia kwanza nani kamchinja, pili tazama ndoano ya pembeni. Ubavu wa nguruwe ulikuwa unaning'inia pale pale, na mkataji anavikata vyote kwa panga moja juu ya gogo moja. Tukatoka na njaa yetu.

Kesho yake tukaenda Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika wanaujua kama unavyoijua Darajani. Huko tafuta kibao, mara nyingi cha kijani, chenye maandishi mawili ya Kichina yanayosomwa "qingzhen", na pengine neno "halali" kwa herufi za Kiarabu. Wenye maduka hayo ni Waislamu wa Kihui, wapishi wao wamevaa kofia nyeupe, na chakula chao kikubwa ni tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini magharibi ya Uchina. Usidhani ni tambi zetu za sukari. Mpishi anashika donge la unga uliokandwa, anavuta mikono yote miwili, anakunja, anavuta tena. Akikunja mara saba ana nyuzi 128, nawe hujamaliza hata kuvua mkoba begani. Anazitosa kwenye maji yanayochemka, kisha anamwagia supu nyepesi ya ng'ombe yenye figili nyeupe, kotimiri na mafuta ya pilipili. Menyu nyingi ziko ukutani kwa picha, basi oneshea kidole. Waweza hata kuchagua unene wa tambi, kuanzia nyembamba kama unywele mpaka pana kama mkanda.

Wapo na Wauighur, Waislamu wa Xinjiang, jimbo la magharibi ya Uchina. Hao ndio walionimaliza. Mishkaki yao ya kondoo imenyunyiziwa uzile, bizari ile ile tunayotia kwenye pilau, na mkate wao wa tanuri ungeuita mkate wa ajemi usingekosea. Hata pilau wanayo, ya kondoo na karoti, wanaiita polo. Ijumaa niliyokuwepo tuliswali kwenye msikiti wa kaburi linalosemekana ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas, na tulipotoka majiko ya mishkaki yalikuwa yamepangwa nje, moshi mtupu. Nikasahau kabisa kwamba niko ugenini.

Ukilazimika kuingia kwengine, shika neno moja: "rou". Maana yake nyama, lakini Mchina akilitaja peke yake anakusudia nguruwe. Ya ng'ombe ataitaja "niurou", ya kondoo "yangrou". Mboga nazo usiziamini kwa kuwa ni mboga, maana hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe au hutiwa nyama ya kusaga juu.

Na ukiletewa birika la chai ya kwanza pamoja na bakuli, subiri uone jirani anafanya nini. Watu wa Guangzhou hutumia chai hiyo kusuuzia vyombo na vijiti vyao. Mimi niliinywa. Dada mpaka leo akinitambulisha kwa watu huanzia hapo.

Istanbul ni mteremko. Wewe utakuwa Laleli kwenye maduka ya jumla, na humo vichochoroni kuna mikahawa ya wafanyakazi inayoitwa lokanta. Chakula kimepikwa asubuhi, kimepangwa kwenye masinia nyuma ya kioo: biringani, maharage, kondoo wa mchuzi, wali. Hakuna menyu ya kukuhangaisha, unaonesha kidole tu. Nenda mchana, usiku utakuta masinia yamebaki na mafuta. Ukitaka nusu sahani sema "yarım". Anza na supu ya adesi nyekundu, uikamulie ndimu. Kebabu kwao ni nyama ya kuchoma ya kila namna, si viduara vyetu vya kababu. Ya Adana ni ya kusaga, imebanwa kwenye upau mpana na ina pilipili, ya Urfa ni hiyo hiyo bila ukali. Ile shawarma unayonunua Darajani, huko wanaiita döner, na majina yote mawili yametoka kwenye maneno ya Kituruki ya kuzunguka na kugeuza. Nguruwe ni nadra sana, ila mikahawa mingine huuza pombe, utaiona chupa kabla hujakaa. Ukimaliza, usihangaike na lugha. Sema "hesap", watakuletea hesabu.

Bi Shemsa, nataka kuwaalika wakwe zangu kwenye mkahawa wa Kichina hapa mjini, tumefunga mwaka mmoja wa ndoa. Baba mkwe karidhia. Mama mkwe kasema yeye atakunywa maji tu. Nifanye nini?
Mkwe Mwema, Kiembesamaki

Mkweo ana haki, na wewe ndiye wa kumtoa wasiwasi kabla ya siku yenyewe. Nenda peke yako saa kumi, wakati hakuna wateja, uonane na mpishi. Usimuulize, "Chakula chenu halali?" Hapa Unguja nani atakujibu hapana? Muulize, "Nguruwe mnapika?" Akisema wanapika kwa wageni lakini kwa karai mbali, mshukuru uondoke. Akisema hawapiki, muulize nyama wanairoweka kwa nini, kwani wapishi wengi wa Kichina hutia mvinyo wa mchele bila hata kufikiri, kama sisi tunavyotia ndimu.

Majibu yakikuridhisha, agiza samaki mzima wa mvuke kwa tangawizi na majani ya kitunguu, kuku, mboga mbili, na wali mweupe. Kila kitu kinawekwa kati na kila mtu anajipakulia, kwa hiyo mama mkwe hatajiona mgeni, sinia analijua. Mwekee kijiko na uma tangu mwanzo. Kumpa mkwe vijiti mbele ya watu ni ukosefu wa adabu, hata akicheka. Akiendelea kuwatilia shaka Wachina, mkumbushe kwamba madaktari wao wapo hapa tangu 1964, na huenda mmoja wao alishamshika mkono hospitali ya Mnazi Mmoja.

Majibu yasipokuridhisha, wapeleke kwengine. Sherehe ya ndoa yako haihitaji tambi.

Bi Shemsa, nilialikwa chakula na wageni wa Kituruki. Wakaniletea glasi ya maziwa yenye chumvi. Nikajua mpishi kachanganya makopo, nikanyamaza nisimuaibishe. Nilifanya sawa?
Hamad, Chake Chake

Hakuchanganya. Ni mtindi, maji na chumvi, umepigwa mpaka ukatoa povu, unaitwa ayran na hunywewa na nyama. Ulifanya vyema kunyamaza, ila kama uliimaliza glasi, bila shaka waliijaza tena. Siku nyengine ukitaka kitamu, waombe "tavuk göğsü". Ni maziwa mazito ya sukari, meupe, laini, yenye mdalasini juu. Ndani yake mna nyuzi za kidari cha kuku. Kula kwanza, kisha uniandikie.