Swichi yenye taa kwenye amplifaya ya kujiundia: anza na volti, rangi baadaye

Mbukwenyi wadau. Naulizwa sana kuhusu swichi zenye taa, hasa na vijana wanaojiundia amplifaya na sabufa hapa Dodoma, na karibu wote wanaanzia kwenye rangi, mara nataka ya bluu, mara nyekundu. Rangi utachagua mwisho ndugu yangu, kwanza volti, maana swichi mbili zinakaa boksi moja dukani, sura ileile, af moja inawaka kwako na nyingine haiwaki hata ufanyeje.

Ile nyekundu ndogo yenye miguu mitatu, ambayo soko la Majengo hukosi, mara nyingi ndani ina kitaa cha neoni, yani cha gesi. Neoni haishtuki mpaka ipate volti kama 60 hadi 90 hivi, kwa hiyo kwenye umeme wa nyumbani wa 230 inawaka vizuri tu. Sasa mtu wa Bahi anayepiga mziki kwa betri ya sola ya 12 akiifunga, mziki unapiga ila taa hamna, anarudi kugombana na muuzaji wakati swichi ni nzima kabisa. Huyo achukue za magari zenye LED, vile vitaa vidogo vya kisasa, ya volti 12. Na aangalie ampea pia, kwa sababu wati 100 kwenye 230 haifiki hata nusu ampea, ila kwenye betri ya 12 ni zaidi ya ampea 8, na kale kaswichi kalikoandikwa 6A, yani ampea 6, katachemka.

Miguu mitatu ndo inawaponza wengi. Kabla hujaunga chochote weka testa kwenye mlio, bonyeza swichi uwashe uzime huku unagusa miguu miwili miwili. Ile miwili inayolia ukiwasha na kunyamaza ukizima ndo swichi yenyewe, laivu (waya wenye umeme) inaingia huku inatokea huku. Wa tatu, ambao mara nyingi una rangi ya dhahabu, ni wa taa tu, unapelekwa nyutro (waya wa kurudisha umeme). Ukichanganya ukaweka nyutro kwenye mguu wa kutokea, siku unabonyeza ni shoti laivu kwa nyutro, kama ulikuwa na fyuzi shukuru. Miguu yote ivalishe vimpira, na kama kasha ni la bati waya wa ethi (wa ardhini) uufunge kwenye bati kwa nati.

Mimi binafsi siku hizi natumia swichi isiyo na taa kabisa, taa naweka pembeni, LED yake peke yake, naitoa kwenye DC, ule umeme ulionyooshwa na daiodi, baada ya kapasita kubwa zinazotunza umeme. Taa ya kwenye swichi inakwambia umeme umefika kwenye swichi, basi. LED ya kwenye DC ikiwaka ujue fyuzi, transfoma na daiodi vyote vinafanya kazi, na ukizima inafifia taratibu, yani unaona kwa macho kwamba kapasita bado zina umeme, usiingize vidole. Hata ikizimika pima kwa testa kwanza. Kama amplifaya yako ni ya pande mbili, chanya na hasi, weka LED kila upande, moja ikigoma kuwaka umeshajua upande wenye shida hata kifuniko hujafungua.

Hesabu ya rezista ya kupunguza umeme unaoingia kwenye LED ni nyepesi. Una volti 35, LED nyekundu inakula kama 2, zinabaki 33, ukitaka miliampea 2 gawanya 33 kwa 0.002 unapata omu 16,500, weka ya kilo-omu 15 au 18, yani omu 15,000 au 18,000. Watu wanakariri miliampea 20, matokeo yake rezista ya robo wati inaungua na taa inapiga macho sebule nzima. Bluu ndo balaa, hata hizo 2 kwake ni nyingi usiku, ongeza rezista mpaka uridhike.

LED zinazojiwasha na kujizima zenyewe au kubadili rangi, achana nazo. Zinavuta umeme kwa kudonoa, na ukiiunga kwenye laini moja na bodi ya sauti utasikia tik tik tik kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, utahangaika kubadilisha bodi bure.

La mwisho ni shimo. Hizi swichi za kubana zenyewe zimetengenezewa bati au plastiki nyembamba, vile vimasikio vyake vya pembeni vinashika unene wa milimita chache tu. Ukienda kwa seremala akakutobolea kwenye plaiwudi ya milimita 12, swichi itaingia ila haishiki, ukibonyeza inazama ndani. Tobolea mbao shimo kubwa kiasi, af gongelea kipande cha alumini kwa mbele, swichi ikae kwenye hiyo alumini, na kama ndani kuna 230 hiyo alumini nayo ifungie ethi.