Kwa nini jibu si 50?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la saba hapa Mwanza. Kwenye mtihani wa utamilifu waliulizwa: gari lilikwenda Magu kwa mwendokasi wa km 60 kwa saa, likarudi Mwanza kwa njia ileile kwa km 40 kwa saa. Tafuta mwendokasi wa wastani wa safari nzima. Aliandika 50, akakosa. Nami nikikokotoa napata 50. Umbali wenyewe hawakuutoa. Tunakosea wapi? – Mama wa mwanafunzi, Nyegezi.

JIBU: Marahaba, mama. Mmejumlisha 60 na 40 mkagawanya kwa 2. Hiyo ingekuwa sahihi kama gari lingekwenda muda sawa kwa kila mwendokasi. Lakini hapa kilicho sawa ni umbali. Kwa km 40 gari linakaa barabarani muda mrefu zaidi, kwa hiyo wastani lazima uvutwe upande wa 40. Mtoto akilielewa hilo, ataiogopa 50 hata kabla hajashika kalamu, na kwenye maswali ya kuchagua hiyo 50 mara nyingi huwa imewekwa pale ikimsubiri.

Kanuni ni moja: umbali wote gawanya kwa muda wote. Umbali haukutolewa? Ajichagulie. Achukue KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 60 na 40, yaani 120, ili asisumbuliwe na sehemu. Kwenda: 120 ÷ 60 = saa 2. Kurudi: 120 ÷ 40 = saa 3. Umbali wote km 240, muda wote saa 5, jibu ni km 48 kwa saa. Magu si mbali kiasi hicho, najua, ila haidhuru. Mwambie ajaribu km 60: saa 1 na saa 1½, jumla saa 2½, 120 ÷ 2½ ni 48 vilevile. Afanye zote mbili kwa mkono wake, maana akishaona jibu halibadiliki hataogopa tena swali lisilotaja umbali.

Kwa ninavyoona madaftarini, wengi wanaijua kanuni. Wanaangukia kwenye muda. Chukua hili: basi limetoka stendi ya Nyamhongolo saa 11:45 alfajiri, likafika Musoma saa 3:25 asubuhi. Umbali tuseme km 220. Mtoto anatoa 3:25 kwenye 11:45, anapata saa 8 na dakika 20, basi limeshapotea. Apitie saa 12 kamili: dakika 15 kufika saa 12, kisha saa 3 na dakika 25. Jumla saa 3 na dakika 40. Na hapo asiandike 3.40! Dakika 40 ni ⅔ ya saa, kwa hiyo muda ni saa 11/3. Sasa 220 × 3/11 = km 60 kwa saa.

Akariri pia kwamba km 60 kwa saa ni km 1 kwa dakika. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa takriban km 3, hivyo kwa mwendo huo ni dakika 3 tu kulivuka. Magari mawili yakielekeana, ajumlishe mwendokasi wa yote mawili ili ajue yanakaribiana kwa kasi gani. Moja likilifukuza jingine, atoe.

Mpe hili jioni: meli imeondoka Mwanza saa 3:30 usiku, imesimama Kemondo nusu saa, ikafika Bukoba saa 12:00 asubuhi. Umbali tuseme km 187. Mwendokasi wa wastani wa safari nzima ni upi? Muda ni saa 8½, jibu km 22 kwa saa. Akikuuliza kama ile nusu saa ya Kemondo itolewe, mwambie hapana: swali limetaja safari nzima, na kusimama ni sehemu ya muda wote. Ingetolewa tu kama wangeuliza meli ilikwenda kwa wastani gani ilipokuwa ikitembea.