Niache Kazi Nikaishi Kando ya Ziwa?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa ghala, nina mke na watoto. Mwisho wa mwezi mkubwa wangu hunitaka nisaini hati za kupokea mizigo ambayo haikufika. Nimesaini mara kadhaa, na sasa usingizi haunijii. Karibuni nimesoma habari za Henry David Thoreau, Mmarekani aliyejenga kibanda kando ya ziwa Walden akaishi peke yake, na moyo unanituma nifanye kama yeye: niache kazi, niihamishe familia mahali pa kimya, tulime tule. Mke wangu anasema huo ni ubinafsi. Kaka yangu anasema Thoreau alikuwa mnafiki tu, alijifanya mpweke huku akienda kula kwa mama yake. Nani ana haki? Na nikitaka kumsoma vizuri nianzie wapi?

Karani Asiyelala

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umechukua mambo mawili ya Thoreau ukayafanya moja. Kwenda ziwani ni jambo moja. Lilianza tarehe 4 Julai 1845. Kukataa kushiriki dhuluma ni jambo jingine, nalo ndilo lililomlaza jela Julai ya mwaka uliofuata. Maradhi yako ni ya hilo la pili, na wewe umejiandikia dawa ya lile la kwanza.

Siku aliyokamatwa alikuwa ameingia mjini Concord, Massachusetts, kuchukua kiatu kwa fundi. Kwa miaka kadhaa alikuwa hajalipa kodi ya kichwa, kwa sababu serikali yake ililinda utumwa, na mwaka huo wa 1846 ilikuwa imeingia vitani na Mexico. Akawekwa chumba kimoja na mtu aliyetuhumiwa kuchoma ghala la shamba. Asubuhi wakapitishiwa kwenye tundu la mlango mkate, chokoleti ya kunywa na kijiko cha chuma. Thoreau, mgeni wa mambo ya jela, akataka kurudisha mkate uliombakia. Mwenzake akaudaka, akamwambia auweke wa mchana. Kumbe mtu alikuwa ameshamlipia kodi, na siku hiyohiyo akafunguliwa. Alikwenda kuchukua kiatu chake, kisha akafuatana na watu waliokuwa wakienda kuchuma matunda ya mwituni. Nimefundisha kisa hiki miaka mingi, na bado hicho kiatu kinanigusa. Dhamiri yake ilimsimamisha mahali pamoja tu. Kwingine kote aliendelea kuwa jirani wa watu.

Maana hata kodi ya barabara hakuikataa. Aliandika wazi kwamba hiyo huilipa, kwa kuwa anataka kuwa jirani mwema. Wengi wanaompenda Thoreau hawalioni hili, wanadhani kutofuata mkumbo ni kupinga kila kitu. Yeye alitafuta mahali hasa ambapo mkono wake unagusa uovu, akauondoa pale. Mkono wako wewe unagusa wapi? Kwenye ile saini. Kilimo hakijatajwa popote katika dhambi hiyo.

Sasa, katika insha yake ya mwaka 1849 anasimulia kwamba mtumishi wa serikali alimuuliza, "Nami nifanye nini?" Akamjibu kwamba kama kweli anataka kufanya jambo, aache cheo chake. Utaniambia, basi si nijiuzulu! Ngoja kwanza. Thoreau hakuwa na mke wala mtoto, na jibu lile lilimtoka kwa wepesi ambao wewe huna. Mimi ningekuelekeza kwa rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, ambaye ardhi ya kile kibanda ilikuwa yake. Mwaka 1832 Emerson alikuwa mchungaji Boston, na dhamiri ikawa haimruhusu tena kuendesha Meza ya Bwana kama ilivyozoeleka. Hakutoroka usiku. Aliwaeleza waumini wake, akaomba ibada hiyo ibadilishwe. Walipokataa, akapanda mimbarani akaeleza sababu zake bila kumtukana mtu, kisha akajiuzulu.

Mkeo ana haki kuliko unavyodhani. Bronson Alcott, mwenzao katika kundi la Watransendentali, yaani wanafikra wa Marekani walioamini kwamba dhamiri ya mtu ndiyo mwongozo wake, mwaka 1843 aliipeleka familia yake kwenye shamba walilolipa jina Fruitlands. Hawakula nyama wala kunywa maziwa. Pamba hawakuivaa kwa kuwa ilitoka katika jasho la watumwa. Nia safi kabisa, naiheshimu. Lakini mzigo wa nyumba ulimwangukia mkewe, Abigail, mwenye binti wanne, huku wanaume wakizungumza falsafa. Kufikia Januari 1844 yote yalikuwa yamekwisha. Dhamiri ya baba ililipiwa kwa mgongo wa mama, na hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Kaka yako ana ukweli nusu. Thoreau alikuwa akienda kijijini mara kwa mara na alikula kwa watu, lakini mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake, Walden, hakuficha. Tena nyumbani mwake aliweka viti vitatu: kimoja cha upweke, viwili vya urafiki, vitatu vya kukaa na watu. Agosti 1846, si muda mrefu baada ya kutoka jela, wanawake wa Concord waliopinga utumwa, mama yake akiwa mmoja wa chama chao, walifanya mkutano wao pale pale kibandani. Mpweke gani huyo?

Kutoka ziwani chukua daftari lake la hesabu. Nyumba ilimgharimu dola 28 na senti kumi na mbili na nusu; misumari peke yake dola 3.90. Maharage yalimpa faida ya dola 8 na kitu. Aliandika kila senti kwa sababu alitaka kujua maisha yanadai kiasi gani hasa, na akagundua kwamba kazi ya kama wiki sita kwa mwaka ilitosha kumlisha. Wewe haitakutosha, una watoto. Lakini keti na mkeo mwandike: chakula, kodi ya nyumba, ada, na vile mnavyonunua kwa kuwa majirani wanavyo. Mkishajua kiasi kinachowatosha, mtajua mnaweza kuishi miezi mingapi bila mshahara, na siku ya kumwambia mkubwa wako "hapana" haitakukuta ukitetemeka.

Kisha mwambie kwa maandishi mafupi kwamba kuanzia sasa utasaini mzigo uliouona kwa macho yako. Usimhubirie. Zile hati za nyuma nazo usizifumbie macho: andika tarehe na mizigo unayoikumbuka, umwone wakili kabla ya kuzipeleka kwa walio juu yake, maana jina lililopo pale ni lako. Wakikulazimisha tena, hapo ondoka.

Kuhusu kusoma, anza na ile insha ya 1849 juu ya kuikataa serikali, ni fupi. Kitabu chake cha Walden cha 1854 kianzie sura ya pili, anapoeleza kwa nini alikwenda kuishi pale. Sura ya kwanza ni ndefu na imejaa mahesabu. Hiyo msome pamoja, wewe na mkeo, daftari lenu likiwa mezani.